Bamvua na Dishi la Kigombe

Mnara wetu wa Kigombe ulikuwa na ugonjwa wa alasiri. Asubuhi mzima, adhuhuri mzima, lakini kuna siku ikifika saa tisa na nusu unaanza kukatakata, saa kumi na robo umezima kabisa, na kabla ya magharibi umepona wenyewe bila mtu kuugusa. Siku nne tano mfululizo unafanya vituko hivyo, kisha unatulia wiki nzima na ushei, mpaka tunajipongeza kwamba tumeutibu. Halafu unarudia palepale. Mimi ndiye niliyeusimamisha mnara huo, na simu za lawama zilikuwa zinaingia kwangu.

Kampuni yetu ni ndogo. Tumepanga chumba Nguvumali, ubavuni mwa duka la magodoro, na kila siku hakosi mtu wa kuingia kwetu akiuliza bei ya tano kwa sita. Tuko watatu: bosi, binti wa mapokezi na mimi. Bosi ni Mshambaa wa milimani kabisa, mtu mzima aliyeanza maisha kwa kutengeneza redio kaseti, mwenye mwili mkubwa na hofu ya kwenda juu. Hata balbu ya ofisini nambadilishia mimi. Tulikuwa na fundi mwingine wa kupanda, kampuni kubwa ya Dar es Salaam ikamwona, akaaga Jumatatu, Jumanne hayupo. Kwa hiyo anayepanda ni mimi, mtoto wa kike wa Makorora, kilo hamsini na mbili pamoja na mkanda wa usalama. Siku ya kwanza watu wa Kigombe waliponiona juu kule, mzee mmoja alimfuata bosi akamuuliza kwa upole nimekosa nini.

Kazi yenyewe si uchawi. Mnara wa Kigombe una antena tatu juu, zinazogawa intaneti kwa kijiji. Lakini intaneti hiyo lazima itoke mahali, na kwetu inatoka kwenye mnara wetu mwingine upande wa Tongoni, ng'ambo ya ghuba. Madishi mawili, kila moja la ukubwa wa ungo wa kupepetea mchele, yanatazamana juu ya maji. Intaneti ya kule inakuja huku kwa njia hiyo tu. Madishi yakiacha kusikilizana, kijiji kizima kinabaki na mnara mzuri wa kupigia picha.

Tuliutafutia ugonjwa huo kila dawa. Bosi alisema ni jua, redio zinachemka mchana, tukazifungia kivuli cha bati. Haikusaidia. Akasema ni betri, tukabadilisha betri. Akasema ni wanafunzi, wakitoka shule wanafungua video wote kwa pamoja, tukawabana, na wazazi wao wakatubana sisi. Mwisho alishuku mnazi mmoja uliokuwa unapunga makuti karibu na njia ya dishi, nikapanda na panga kukata makuti mawili, na mwenye mnazi akasimama chini akinitazama mpaka nilipomaliza. Mpaka leo nikimpa salamu anaitikia nusu.

Kosa letu lilikuwa moja na tulilirudia kila safari. Bosi anapenda kuondoka Tanga akishakunywa chai ya alfajiri, kazi ifanyike kabla jua halijakaza, na saa saba awe amekaa mezani kwake anakula. Kwa hiyo tulikuwa tunafika Kigombe saa tatu, saa nne niko juu napima, namba zote nzuri, tunaandika "iko sawa" na kurudi mjini. Hatukuwahi hata siku moja kuukuta mnara ukiumwa. Tulikuwa tunampima homa mtu aliyekwisha pona, na kila tukiondoka tunamsema kwamba anajitia.

Ingekuwa wateja peke yao ningevumilia. Nimezoea kutukanwa kwa simu, nina namna ya kusema "samahani sana" huku nakata vitunguu. Lakini mwaka ule mdogo wangu alikuwa anaolewa, na harusi ilikuwa Kigombe.

Mama yetu alifariki tukiwa wadogo. Mimi nikabaki mjini na baba, mdogo wangu akachukuliwa Kigombe na mama mkubwa, dada yake mama, ambaye hakujaaliwa watoto na alimlea kama yai. Baba ni Mpemba. Alifanya kazi miaka mingi chumba cha injini kwenye maboti, na injini zile zikayala masikio yake kidogo kidogo mpaka hazikubakisha kitu. Alipostaafu akarudi Pemba kwenye mikarafuu ya kwao. Miezi michache kabla ya harusi akateleza ukumbini, nyonga ikavunjika, akawa mtu wa kitandani. Boti hawezi kupanda. Walii, yaani mwenye haki ya kumwoza binti, ni yeye, basi akaandika karatasi ya uwakala kwa mkono wake, akampa baba mdogo aje nayo. Kwa hiyo ndoa ingefungwa hata bila yeye, na hakuna ambaye angekuwa na la kusema.

Yeye alikuwa na ombi moja tu. Kwa kuwa hasikii, huwa tunaandikiana ujumbe, na siku moja akaniandikia: "Mimi kusikia sitasikia. Lakini kuona nataka nione."

Inafaa nieleze maana ya neno hilo kwake. Baba anasoma midomo. Ukimpigia simu ya sauti ni kazi bure, lakini mwonyeshe uso wako kwenye skrini, sema taratibu, na anakufuata neno kwa neno, hata ukimsengenya. Picha ikiganda kwetu ni kero. Kwake ni sawa na kufungiwa mlango. Na mitandao ya kawaida pale Kigombe sauti inapita vizuri, picha ndiyo inayoganda, ndiyo maana kijiji kilitupokea kwa mikono miwili tulipokuja na mnara wetu.

Nikamjibu baba bila hata kufikiri: "Utaona, Baba. Mnara ni wangu." Nilijisikia mkubwa sana siku hiyo.

Kama siku kumi kabla ya harusi nilikwenda Kigombe kumsaidia mama mkubwa maandalizi. Nilimkuta ukumbini, amekaa juu ya jamvi, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba, kwa sababu yeye ni mkulima wa mwani na shamba lake liko baharini. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikashika kamba moja kumsaidia, vidole vikinichelewesha. Nikaanza kulalamika juu ya mnara. Nilikuwa na daftari langu, nimeandika kila siku uliyozima na saa yake, nikamsomea kama mtu anayesoma mashtaka.

"Hebu soma tena," alisema mama mkubwa. "Polepole."

Nikasoma tarehe ya kwanza.

"Siku hiyo tulivuna. Tulikwenda na mama wa jirani."

Nikasoma ya pili. Akasema siku hiyo nayo alikwenda shamba, akakanyaga mwiba. Nikasoma ya tatu, ya nne, mpaka ya mwisho. Zote alikuwa baharini. Nikasoma siku ambazo mnara haukuzima. Zote alikuwa nyumbani, anafunga mbegu au anaanika.

"Kwani mama mkubwa unakwenda shamba siku gani?"

"Kwenye bamvua. Maji yakitoka sana. Saa nne asubuhi unatembea kwa miguu mpaka kule. Maji yakiwa mafu, hayatoki, utakwenda kuogelea?"

"Na alasiri yake?"

Aliweka kamba chini akaniangalia. "Alasiri yake maji yanarudi yote. Yanafika mpaka ndani ya mikoko. Weye mtoto wa wapi, hujui bamvua?"

Nilitamani jamvi linimeze. Nimezaliwa Tanga, nimelelewa na baba wa maboti, nimesoma chuo miaka mitatu mambo ya mawimbi, nimesimama juu ya mnara ule zaidi ya mara ishirini nikiitazama bahari, na nilichoona ni mandhari. Mawimbi ya redio husafiri moja kwa moja kutoka dishi hadi dishi, lakini sehemu yake huanguka kwenye maji na kuruka juu tena, ikafika imechelewa kidogo. Hiyo iliyochelewa na ile iliyonyooka zikikutana vibaya zinauana, dishi halisikii kitu. Saa nne asubuhi ya bamvua, saa zetu sisi za kupima, chini ya njia ile kulikuwa na mchanga, majani na wanawake wameinama kwenye mwani. Saa kumi alasiri kulikuwa na kioo, tena kioo kilichoinuka. Tulikuwa tumelipima dishi letu bila bahari.

Nikampigia bosi palepale. Nikamweleza yote.

"Kwa hiyo unaniambia," alisema, "bahari inasogea."

"Inasogea, Mzee."

"Kila siku?"

"Mara mbili."

Mtu huyu alikuwa amekaa Tanga zaidi ya miaka kumi na tano, anakula samaki kila siku. "Na wewe binti wa pwani," akaniuliza, "ulikuwa unangoja nini kuniambia?" Nililala na hasira ya swali hilo. Nilimkaripia binti wa mapokezi kesho yake kwa jambo lisilomhusu, ikabidi nimpelekee visheti kumtaka radhi.

Dawa ilijulikana: dishi la pili, lifungwe kimo tofauti kwenye mnara uleule, ili moja likipotelewa lingine liwe linasikia. Tuliliagiza Dar es Salaam. Ikaonekana litafika wiki moja baada ya harusi.

Ndipo nilipoitazama tarehe ya harusi, na nikakaa kitako. Watu wetu hupanga harusi kwa mwezi wa angani. Ndoa ilikuwa Ijumaa, mwezi kumi na sita, baada ya sala ya alasiri. Mwezi kumi na sita, mwezi ukiwa mpevu, ni bamvua lenyewe, hakuna siku maji yanajaa zaidi, na yanajaa alasiri hiyohiyo. Hata mtu aliyenichukia asingeweza kunichagulia saa mbaya kuliko ile. Tarehe hiyo nilikuwa naijua tangu miezi mitatu nyuma, nimeiandika kwenye kalenda ya ofisini kwa kalamu nyekundu.

Nilijaribu kwa mama mkubwa. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama ndoa haiwezi kufungwa asubuhi, saa nne hivi.

"Nikawaambie watu wazima harusi imesogezwa kwa ajili ya dishi?" aliuliza. Wakwe walikuwa wanatoka Tanga baada ya sala ya Ijumaa, wapishi wamekwisha ambiwa, sheikh ana ratiba yake. Hakunikasirikia. Alinimiminia chai tu, na kwake hiyo ina maana mazungumzo yamekwisha.

Alhamisi, mwezi kumi na tano, kwa mara ya kwanza tangu tujenge mnara ule, bosi na mimi tulibaki Kigombe mchana kutwa. Alikula kwa mama mkubwa, wali wa nazi na pweza, akakiri kwamba huenda alikuwa na haraka ya bure miaka yote hiyo. Kisha tukafanya kazi. Nilifunga bomba refu la chuma ubavuni mwa mnara, dishi likawa linateleza juu yake likilegezwa nati mbili, na kamba ikapita kwenye kapi mpaka chini, bosi aivute. Nilichora mstari mnyoofu kwenye bomba ili dishi likipanda lisigeuze uso. Kalamu ya wino ilikuwa imekauka, nikatumia piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mwilini, iliyobaki kwa wachoraji wa bibi harusi.

Maji yalipoanza kuja tukaanza kujifunza. Ilivyokuwa ni hivi: maji yakipanda, dishi nalo lipande. Likiachwa lilipo, baada ya nusu saa hivi linapotea. Likivutwa juu hatua moja, linasikia tena. Bosi chini na laptopu yake juu ya ndoo iliyofudikizwa, ananiambia nzuri, nzuri, mbaya, rudi, hapo. Saa kumi na moja tulikuwa tumelijua bomba lote, na kwenye alama ya saa kumi nikakaza nati kwa nguvu zangu zote.

Hesabu yetu ilikuwa rahisi. Sheikh amesema ataoza mara tu baada ya sala, ikifika saa kumi kama hajamaliza hatakuwa mbali. Dishi likikaa kwenye alama ya saa kumi, baba ataona mwanzo mpaka mwisho. Maji yakizidi baada ya hapo yazidi tu, watu watakuwa wanakula pilau.

Ijumaa ilianza vizuri mno. Mdogo wangu alikuwa amekaa chumbani juu ya kitanda kilichopambwa, hina mpaka viwikoni, ukaya wa kijani kichwani, na mimi ubavuni kwake. Mama mkubwa alikuwa ameniambia asubuhi, "Leo weye ndiye mama yake, usimwachie mkono." Nilikuwa na gauni la kung'aa lililonigharimu usingizi kwa mafundi wawili, na hina pia. Mbele yetu, juu ya kabati la vyombo, tuliegemeza kishikwambi cha ofisini, na ndani yake baba. Amekaa kitandani kwake Pemba, mito mgongoni, kofia nyeupe ya kiua kichwani, koti juu ya shati la kulalia. Alikuwa anatuona sote. Alikuwa anawachekesha wanawake kwa kuwajibu mambo waliyokuwa wananong'onezana, maana walisahau kwamba yeye hahitaji sauti, anasoma midomo.

Sala ikaisha. Sheikh akakaa barazani na wanaume. Bwana harusi hajafika.

Saa kumi kasoro kumi, hajafika. Simu zikapigwa, tukaambiwa wametoka, wako njiani, wameshapita Tongoni, wamesimama kidogo kuna gari limepata pancha na shangazi mmoja hataki kuhamia gari jingine. Wanaume walikuwa wanakunywa kahawa bila wasiwasi wowote. Mimi nilikuwa naangalia saa ya ukutani na kupiga hesabu ya maji. Saa kumi kamili picha ya baba ilikuwa safi. Saa kumi na dakika kumi ikaanza kuchanikachanika pembeni. Kisha ikasimama, mdomo wake wazi, ikatembea, ikasimama tena. Alisogeza uso karibu na simu yake mpaka tukawa tunaona jicho moja na kipande cha kofia. Alikuwa anatutafuta.

Nje magari yakapiga honi. Wakwe wamefika.

Nilikuwa nimeshika mkono wa mdogo wangu na sikuweza kuuachia. Sisemi kwa kujipamba: nilitamani kubaki. Nilikuwa nimengoja siku hiyo tangu tukiwa watoto, tangu nilipokuwa namsuka nywele likizo nikimwambia siku yake nitakaa naye mimi. Lakini katika kampuni nzima hakuna mwingine wa kupanda.

Mdogo wangu alitazama kishikwambi, kisha mimi. "Nenda, Dada," alisema. "Nataka anione."

Nikatoka kwa mlango wa uani. Suruali ya kazi nikaivalia jikoni, gauni nikalikunja na kulichomeka kiunoni, mkanda juu yake. Bosi nilimkuta barazani katikati ya halua, amevaa kanzu mpya iliyopigwa pasi mpaka imesimama. Nilimpungia mkono mara moja tu, akaweka kikombe chini. Tulikimbia, yeye ameinua kanzu kwa mikono miwili, na mnara haukuwa mbali.

Nilipanda upesi kuliko nilivyowahi kupanda. Dishi liko chini ya zile antena za kijiji, kuna mahali pa kuweka miguu. Nikajifunga, nikalegeza nati, bosi akavuta kamba, dishi likapanda shubiri mbili, nikakaza. "Nzuri," alisema bosi kutoka chini. Baada ya dakika chache, "inaharibika". Nikalegeza, akavuta, nikakaza. Chini ya mikoko maji yalikuwa yameingia mpaka kwenye mashina, yametulia, yanameremeta, sijui nani aliyeyaita mazuri.

Kutoka juu pale nyumba ya mama mkubwa inaonekana yote: turubai, kofia za wanaume, sinia za kahawa zikizunguka. Ninaona, lakini upepo wa bahari unakula sauti zote. Nikamwona baba mdogo anainuka na karatasi mkononi, sheikh nyuma yake, mashahidi wawili, wanaelekea mlango wa ndani. Nilijua wanakwenda kumuuliza mdogo wangu kama ameridhia. Nilijua pia nani amekaa mahali pangu, mama mkubwa, maana lazima mtu akae pale. Wakaingia, wakapotea. Ndipo ikanijia kwamba hivi ndivyo baba alivyoishi miaka yote hii, anaona watu wanaingia na kutoka katika mambo makubwa ya maisha yao na haambulii sauti. Nilimwonea huruma ambayo sijawahi kumwonea nikiwa karibu yake.

"Inaharibika," bosi alisema. Nikalegeza, akavuta, nikakaza.

Wakatoka. Wakakaa. Sheikh akashika mkono wa bwana harusi. Nilikodoa macho mpaka yakatoka machozi, nikasema ni upepo. Muda ukapita, sijui mrefu kiasi gani, bosi akasema nzuri mara mbili. Kisha vigelegele vikalipuka ndani ya nyumba, na hivyo upepo haukuviweza, vilinifikia juu pale vyote. Mdogo wangu ameolewa. Nikapiga cha kwangu, kirefu, peke yangu kwenye chuma, na bosi akaachia kamba kwa hofu akidhani nimeteleza.

"Kwema?" aliuliza.

"Kwema, Mzee. Harusi."

Nilikaa mpaka maji yaliposimama, nikakaza nati kwa mara ya mwisho, nikashuka. Kanzu ya bosi ilikuwa na mstari mweusi wa grisi begani, pale kamba ilipopita, akaniambia mkewe atalia. Alirudi kwenye halua yake. Mimi nikaingia kwa mlango wa uani uleule.

Chumbani walikuwa wamejaa wanawake, wanakula, wanaimba, mdogo wangu katikati amelia na kufutwa na kupakwa upya. Aliponiona alinyoosha kidole kwenye kabati. Baba alikuwa bado yupo. Hakuna aliyekuwa anazungumza naye, amekaa vilevile na kofia yake, anatazama. Nikasimama mbele ya kishikwambi, nikanyoosha uso wangu aone midomo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Huongea kwa sauti kubwa kama viziwi wote. "Nimeona. Mdogo wako kaitikia, nimemwona. Baba yako mdogo kalia, mwambie nimemwona. Huko barazani kijana mmoja alinionyesha kwa simu yake, sheikh nimemsoma mpaka mwisho, hakukosea hata neno. Nimewaona wote." Akaiweka sawa kofia yake. "Wewe nimekutafuta toka picha iliporudi. Wewe tu sikukuona."

Niliitikia kwa kichwa. Nilijaribu kusema, midomo ikatetemeka, na midomo ikitetemeka hawezi kuisoma. Nikajaribu tena.

"Nilikuwa kwenye mnara."

"Wapi?"

"Mnara, Baba. Mnara."

Alilisoma neno hilo. Nilimwona akilisoma, na nikamwona akilielewa, maana aliangalia pembeni ya skrini, pale watu wanapotazama wakiwa hawataki kuonekana. Kisha akavaa miwani yake.

"Rudi nyuma kidogo," alisema. "Nikuone."

Nikarudi hatua mbili, mpaka mgongo ukagusa kitanda. Gauni lilikuwa limechanika ubavuni, vitu vyote vya kung'aa upande mmoja vimepukutika, kifuani kuna grisi, hina mikononi imechubuka, na mkanda wa usalama bado unaning'inia na spana yake. Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni na kurudi kichwani, bila haraka, na picha haikukatika hata mara moja.

"Umependeza," alisema baba, kwa sauti yake ile kubwa, na wanawake wote chumbani wakageuka kuniangalia.